Vyembe Vinavyofunguka

Ukuta mzima wa duka lile la wawindaji, nje kidogo ya Manassas, huku ughaibuni, ulikuwa umejaa vyembe. Chembe ni kile kichwa cha chuma kinachokaa mbele ya mshale, na mimi nilidhani viko vya aina mbili au tatu tu. Vilianza usawa wa goti langu vikapanda hadi nisikofika, kila pakiti na picha yake: fuvu lenye pembe, meno, michirizi myekundu inayodondoka. Nikazisoma moja baada ya nyingine, kushoto kwenda kulia, kama ninavyosoma maelezo ya dawa. Sikuona hata moja iliyotaja nyama. Zote zilisifu tundu.

Mimi ni nesi wa vidonda. Kazi yangu ni kupima vidonda vya wazee waliolalia upande mmoja muda mrefu: urefu, upana, kina, kwa rula ya karatasi. Upana ukipungua kidogo tu, tunafurahi. Na hapa muuzaji mwenye ndevu zilizochanwa vizuri alikuwa amelaza chembe kiganjani, akimwonyesha shemeji yangu jinsi upana unavyoongezeka. Nyembe mbili zilikuwa zimelala ubavuni mwa chuma. Alipozisukuma kwa ukucha, zikachanua kama mbawa za kumbikumbi.

"Hii ikipita, unaingiza ngumi," akasema, akakunja ngumi ili tusipate shaka.

Shemeji akacheka. Nilikuwa nimemzoea kama mume wa dada yangu mdogo, mtu anayelisha wazee uji kwa kijiko siku nzima bila kupandisha sauti. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka hivyo.

Mimi nilikuwapo kwa sababu gari langu ni kubwa na dada alikataa damu kwenye lake. Shemeji ni Mkamba. Baba yake na babu yake walikuwa watu wa upinde. Huku alijinunulia upinde wa kisasa, ule uliolazwa juu ya kitako kama cha bunduki na kufyatuliwa kwa kidole, na kwa miaka mingi hakuwa na mahali pa kuutumia. Kisha mama mmoja mjane, ambaye marehemu mumewe aliuguzwa na shemeji, akamruhusu kuingia katika msitu wake ng'ambo ya Manassas. Alitoa sharti moja. Mwindaji aliyemtangulia alijeruhi kulungu, akashindwa kumfuata, na mnyama akaozea kwenye kijito. Mama akasema: akitoroka hata mmoja na jeraha, humu huingii tena.

"Kule ndiko ninakopumua," shemeji alikuwa akituambia. "Siku hiyo moja ya wiki, hakuna kengele ya mgonjwa inayonililia."

Kwa hiyo chembe kilikuwa na uzito wake. Muuzaji alieleza, na katika hili sina ugomvi naye, kwamba kuna vyembe visivyofunguka, nyembe zake zimekazwa tangu mwanzo, vigumu kuvunjika. Lakini kwa kasi ya upinde ule vinaweza kushika upepo na kupinda njia, mpaka mtu avijaribu na kuurekebisha mshale wake kwa subira. Na kuna vinavyofunguka vikigonga: vinaruka vimefumba, vimenyooka, vinazuiwa na kipete chembamba cha plastiki kinachokatika vinapompata mnyama.

"Hivi visivyofunguka vinataka subira tu," nikasema.

"Shemeji, subira nimeiacha kazini," akajibu, akachukua pakiti yenye fuvu.

Muuzaji akampa mkono kama anayempongeza mtu aliyepata mtoto.

Wiki hiyo hiyo alifanya lile ambalo pakiti ilikataza kwa maandishi makubwa. Alivifyatua vyembe vyenyewe gerejini, kwenye bonge la sponji, apate kuona mshale unafika wapi. Ulifika sawasawa. Vipete vikakatika vyote, kama vilivyotengenezwa kukatika. Vipete vya akiba viliuzwa dukani kule kule, lakini mtu wa kwetu hatupi kitu kizima kwa sababu ya kijiplastiki. Akazinoa nyembe kwenye jiwe la jikoni, akaja sebuleni tulikokuwa na dada.

Dada alikuwa anamsuka binti yao. Pembeni kulikuwa na bakuli la zile rababendi ndogo ndogo za kufungia ncha za nywele, za rangi zote. Shemeji akachagua nyeusi, akazivisha nyembe moja moja.

"Baba watoto, hizo ni za nywele," dada akasema.

"Raba ni raba."

"Zinakatika hata kichwani! Jana nimeokota tatu kwenye mto wa huyu."

"Kwani kulungu atajua?"

Binti akasema kwa Kiingereza, bila kugeuza kichwa, kwamba baba ni mchafu. Mimi nikamuuliza shemeji kama angejaribu mshale mmoja na hiyo rababendi kabla ya kumpelekea mnyama. Akaufungua wembe kwa kidole gumba, ukafunguka, akaniangalia kama mtu aliyemaliza hoja.

Jumamosi alipanda kiti chake alichokifunga juu ya mwaloni. Mimi nilibaki ndani ya gari pembezoni mwa uwanja wa nyasi, kioo kimeshushwa. Kulungu dume akatokea mitini, akasimama ubavu wazi, mahali ambapo hata mimi ningempata. Upinde ukalia. Mshale haukwenda kimya. Ulipiga kelele hewani, mvumo wa kitu kilichofunguka njiani, na nikauona ukiinama kuelekea nyuma. Kulungu hakuruka. Alikunja mgongo kama mtu mwenye tumbo la kuendesha, akaondoka polepole.

Tuliuokota mshale kwenye nyasi. Ulikuwa umepakwa kijani na kahawia hadi kwenye manyoya, na wembe mmoja umejikunja kinyume. Harufu ile naijua kutoka kwa wagonjwa waliopasuka utumbo. Kwao nina barakoa, na nina sababu ya kuwa pale. Nikageuka, nikatema mate.

"Nyumbani sumu ingemaliza kazi," shemeji akasema. "Mtu anamfuata taratibu tu."

"Hapa hakuna sumu."

"Najua, shemeji. Nasema tu."

Alama alizoacha kulungu zilitufikisha kwenye uzio wa jirani na kupita chini yake. Huwezi kuvuka bila ruhusa. Ikambidi ambishie hodi mama mjane na kumweleza; nilisimama nyuma yake nikasikia anasema "mshale umekosea kidogo". Mama alivaa buti zake za mpira, akampigia jirani simu, akatangulia yeye.

Tulimkuta kulungu amelala kando ya rundo la kuni, kichwa juu, akitutazama. Ubavuni mwake palikuwa na tundu, pana kama pakiti ilivyoahidi, na kitu cha rangi ya lulu kinachungulia na kurudi kila alipopumua. Shemeji akamfyatulia mshale wa pili kwa karibu, ukaingia mahali pake. Mama alitazama mpaka mwisho. Mpaka hapo, nadhani, palikuwa bado na neno la kumtetea; uso wake ulikuwa wa mtu anayepima.

Shemeji akapiga goti, akashika pembe, akakigeuza kichwa kielekee jua. Akafuta ulimi kwa mkono wa koti ili usionekane.

"Shemeji, nipige picha moja. Hakikisha tumbo halitokei."

Sikutoa mikono mfukoni. Mama hakuelewa Kiswahili, ila simu ambayo shemeji alikuwa akininyooshea aliielewa.

"Shusha kiti chako mtini," akamwambia. "Leo."

Shemeji akamwahidi paja zima. Akamweleza habari za rababendi, kana kwamba mama alikuwa na kesi na rababendi. Akasema pumzi yake iko humu. Mama alikuwa ameshageuka, akirudi nyumbani kwake kwa hatua za mtu aliyechoka.

Shemeji alifungua kamba za kiti moja moja. Gome la mwaloni lilikuwa limebaki jeupe pale zilipokaza. Alipofika chini alinishika kiwiko kwa mkono unaonuka.

"Mwongeleshe wewe. Wewe ni nesi, atakusikia."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba mimi si mtu mbaya."

Nikautoa mkono wake kwenye koti langu. Nikafungua buti la gari, nikatandika nailoni tabaka mbili, nikamwambia apakie nyama yake.