Maziwa ya Mgeni

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa kitivo chetu cha afya, Goma: wanafunzi wanaotaka kujifunza utafiti wajiandikishe. Nilijiandikisha kwa sababu rafiki yangu alijiandikisha. Yeye akaachwa, mimi nikachukuliwa, na alama zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Nilipomuuliza asistanti, mwalimu kijana aliyetusimamia, alinijibu bila hata kuinua macho: "Weye uko muntu wa Masisi. Utajua watu."

Kwetu ni Kalembe, pembeni mwa Masisi, lakini sisi ni wakulima wa maharage na mihogo. Ng'ombe nilizoea kuwaona kwa mbali, kwenye vilima vya wenyewe, na sikuwahi kujiuliza wanakamuliwa vipi.

Utafiti wenyewe ulihusu ugonjwa wa ng'ombe unaoweza kumpata mtu kwa kunywa maziwa mabichi. Ng'ombe anatupa mimba. Mtu anapata homa inayokuja na kuondoka, kiuno kinamuuma, anameza dawa za malaria mpaka anazichoka, na mwanamke mjamzito anaweza kupoteza mtoto. Kazi yangu ilikuwa nyepesi kiasi kwamba niliona haya kuiita utafiti. Nipande mlima, nipige hodi, niombe maziwa kidogo, niyatie kwenye kichupa, nikipeleke kwenye sanduku la barafu garini kwa asistanti. Hiyo ndiyo sayansi niliyotoka nayo Goma.

Kuna nyumba moja siisahau. Mama wa nyumba hiyo alikuwa akiuza maziwa, na aliishi na mke wa mtoto wake, dada wa umri wangu hivi, mwenye mimba changa. Mwaka uliotangulia alikuwa amepoteza mimba nyingine. Msimu huohuo ng'ombe wao mmoja naye alitupa ndama. Mama alinieleza yote mawili kwa pumzi moja, akinionyesha ng'ombe huyo mwekundu zizini, kisha akanishika mkono.

"Dogta, tulimukataza maziwa tangu mimba iliingia. Lakini muke mwenye mimba bila maziwa, atapata nguvu wapi? Utuambie: akunywe ao aache?"

"Miye hapana dogta, Mama. Niko mwanafunzi tu."

"Basi, mwanafunzi, utuletee jibu."

Akatandika mkeka. Akachukua kibuyu kilichofukizwa moshi wa majani, akaenda zizini na kurudi na maziwa yenye povu hadi ukingoni. Nusu akanijazia kichupa, nusu akanipa ninywe. Asistanti alikuwa ametuonya vikali tusionje. Lakini kukataa maziwa katika nyumba ile ni sawa na kuwatukana wote waliomo, hilo hata mtu wa maharage analijua. Nikagusisha midomo, nikajifanya nameza. Povu likanibaki puani, nao wakacheka mpaka na mimi nikacheka.

"Dogta anaogopa maziwa!" alisema yule dada.

Barabara ikafungwa, ikafunguka, na majibu yakachelewa. Mwishowe ujumbe wa asistanti uliingia kwenye simu yangu: maziwa ya nyumba ile ni safi, nenda uwaambie. Na si yao tu. Karibu kilima kizima kilikuwa safi. Nilimpigia nikamuuliza inawezekanaje, maana ng'ombe aliyetupa ndama nilimwona kwa macho yangu. Alisema labo, yaani maabara, haiwezi kudanganya. Nikakubali, kwa sababu yeye alikuwa amesoma zaidi, lakini kichwa hakikutulia. Labda ng'ombe alikuwa na ugonjwa mwingine. Labda nilitikisa vichupa vibaya. Niliwaza hivi, niliwaza vile, na kila nilipofika palikuwa na ukungu.

Hata hivyo nilipanda na jibu lao. Mama alipiga vigelegele, na mkwewe akafunika uso kwa kitenge akilia kwa furaha. Mimi nilifurahi nao, sitasema uongo. Mvua ikanikamata palepale, wakanikatalia kuondoka. Ilipotulia ulikuwa wakati wa kukamua, nikamfuata Mama zizini kwa udadisi tu wa mtu asiyekuwa na ng'ombe.

Alianza na ng'ombe mwekundu, yule aliyetupa ndama. Alimkamulia kwenye jagi la plastiki, akamwita mkwewe, naye akaja akalichukua na kuingia nalo ndani. Kisha Mama akanawa mikono vizuri, akaleta kile kibuyu cha moshi, akachuchumaa kwa ng'ombe wa mabaka.

"Mama, mbona vyombo viwili?"

"Hii ya mabaka njo ya kuuzisha, na ya wageni."

Nilikitazama kile kibuyu: ndicho alichonijazia kichupa siku ile.

"Na ile yenye nilibeba ku labo?"

Alinitazama kama aliyeulizwa jina lake mwenyewe.

"Si ni ya hii ya mabaka! Ungetoka Goma yote, nikupe maziwa ya ngombe yenye ilitupa? Miye sina haya?"

"Lakini Mama, nilikuwa nataka ya zote."

"Ulisema unaomba maziwa. Muntu akiomba maziwa, tunamupa muzuri."

Basi kilima kizima kilinipa kilicho bora. Kila nyumba iliniheshimu, na heshima hiyo ndiyo tuliyoipima labo, ikatoka safi. Nilitaka kukasirika nikakosa wa kumkasirikia. Mama? Alikuwa ametenda adabu. Asistanti? Yeye alinituma kwa sababu eti nawajua watu.

"Na ile ya jagi," niliuliza, "inaenda wapi?"

"Ile haiuzishwe, haipewe mugeni." Aliendelea kukamua, hakugeuka. "Ile njo ya nyumba."

Nilikimbia. Niliteleza mlangoni nikashika ukuta. Yule dada alikuwa ameketi karibu na moto, jagi likiwa miguuni pake, na aliponiona alitabasamu.

"Aksanti, dogta. Nilikuwa na hamu yake, lakini niliogopa."

Akaniinulia kikombe nione kwamba amelitii jibu langu. Ndani yake lilikuwa limebaki povu tu.