Mfereji wa Kona ya Michikichi

Mwaka ule ziwa lilipanda na halikurudi. Mihogo yetu ikaoza ardhini. Ukishika shina, lilitoka bila nguvu, kama jino bovu, na harufu yake ilibaki mikononi hadi kesho yake.

Shamba letu liko Gatete, upande wa chini karibu na ziwa, na tunalilima wanawake kumi na wawili wa chama kimoja. Wengine tulirudi kutoka Tanzania baada ya kuzeekea kwenye kambi za wakimbizi, wengine walivuka kutoka Kongo. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nilifanywa katibu.

Siku moja nikaona tangazo kwenye ukuta wa ofisi ya serikali ya zoni. Mradi mmoja ulikuwa unatoa msaada kwa vyama vinavyotaka kuchimba mifereji ya kutoa maji mashambani. Walitaka dosie ya maombi yenye barua kwa Kifaransa, ramani, na saini ya kila mtu ambaye mfereji ungepita kwake. Saini nilizikusanya kwa siku moja, isipokuwa moja tu.

Aliyekataa alikuwa jirani yangu, mjane aliyetoka Uvira, anayeishi kwa kukamua mawese. Nilimkuta akipepeta chikichi mbele ya nyumba yake.

"Mwalimu, nitasinya," alisema. "Lakini mufereji usipite kwa ile kona ya michikichi. Kule chini kuko batu. Banaongea."

Nilicheka: watu, chini ya ardhi? Yeye hakucheka. Aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwa kitenge, akaniambia nimfuate.

Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, hakuna jani lililotikisika. Kwenye kona ile michikichi sita ilisimama pamoja, na chini yake majani yalikuwa mabichi kuliko mahali pengine. Alinionyesha pa kusimama. Mwanzoni sikusikia kitu. Kisha nikasikia. Ilikuwa sauti ndogo, isiyokatika, kama watu wanaosali chumba cha pili huku mlango umefungwa. Nilipiga magoti nikaweka sikio ardhini. Nilitaka kusema ni maji, lakini neno halikutoka, kwa sababu wakati ule nilikuwa karibu kuelewa walichokuwa wakisema.

"Unaona?" alininong'oneza. "Mimi iko mwaka wa ine sipiti hapa peke yangu."

Juma lililofuata mradi ulimtuma agronomu, mtaalamu wake wa kilimo, aje apime shamba. Alikuwa kijana mpole mwenye viatu vya mpira, aliyesomea Bujumbura. Nilimweleza kuhusu kona, nikiona aibu kidogo. Alisikiliza, akaenda, akainama kama nilivyoinama mimi. Alichukua chuma chake cha kupimia udongo akakisukuma chini. Kilizama hadi kiunoni mwake, kisha kikadondoka chenyewe, tukasikia kikigonga jiwe.

"Kuko uwazi," alisema.

Tulichimba sisi wenyewe, wanawake wote, kwa majembe. Kabla ya jioni tulifikia mawe mapana yaliyopangwa bega kwa bega. Tulipoinua moja, tukaona maji meupe, baridi, yakikimbia ndani ya mfereji uliojengwa kwa mawe pande zote. Hakuna aliyejua umejengwa na nani. Wazee wa Gatete tuliowauliza hawakuwahi kuusikia. Tulimwaga majivu ndani yake, tukawatuma wawili wakaangalie ufukweni yatakapotokea. Walingoja hadi jua likashuka. Hayakutokea popote.

Kilichonitisha zaidi kilikuwa udongo wa mfinyanzi uliozibia mawe. Upande wa ndani ulikuwa umejaa alama za vidole. Mikono mingi, mikubwa na midogo, iliyopaka kwa haraka. Jirani yangu alipiga magoti akaweka kiganja chake juu ya alama moja. Kilienea sawasawa, hadi kidole chake cha mwisho kilichopinda. Aliutoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto, akaanza kulia.

"Nani alikimbia hapa akaacha kazi yake?" aliuliza. Kila mmoja wetu aliwahi kukimbia mahali akaacha kazi yake.

Tulirudisha jiwe tukafukia. Agronomu alikaa kwenye gogo, ramani magotini.

"Njia fupi inapita hapa hapa," alisema. "Mradi watataka mufereji unyooke."

"Na wewe je, unataka nini?" nilimuuliza.

Aliangalia pale tulipofukia. Kisha akachora mstari mpya, unaozunguka michikichi kwa mbali, na kando yake akaandika kwamba ardhi ya kona ile haina nguvu. Jirani yangu akasaini pale pale, kwa herufi kubwa.

Dosie ilikubaliwa. Nilipewa habari ofisini, nikashukuru, murakoze, mara tatu, nikatembea hadi nyumbani kwa furaha. Wakati wa kiangazi tulichimba, na siku tulipofungua mdomo wa mfereji mpya, maji yaliyokuwa yamelala shambani yalianza kusogea kuelekea ziwani. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilikwenda peke yangu kwenye kona, nikaweka sikio chini.

Palikuwa kimya. Nilingoja hadi shingo ikaniuma. Jirani yangu alikuja akasimama nyuma yangu.

"Balishaenda?" aliuliza.

"Sijui, mama."

Sasa shamba limekauka na mihogo inazaa vizuri. Yeye amepanda viazi vitamu hadi kwenye shina la mchikichi wa kwanza, na hupalilia pale akiimba, bila wasiwasi. Mimi ndiye nisiyepita tena. Ile sauti ningeweza kuizoea. Lakini ule ukimya, nikiwa nimeinama pale, niliuhisi kama watu walionyamaza ghafla kwa sababu wamejua nasikiliza.