Kofia ya Mfalme wa Majivu

Mara ya kwanza nilimuua mfalme kabla hajamaliza neno lake la pili. Aliinuka kwenye kiti chake, akaninyooshea kidole, akasema, "Nani amethu—" na hapo akaanguka. Nilikaa mbele ya kompyuta nikitabasamu. Kisha nikatazama ng'ambo ya shimo, nikaliona sanduku la dhahabu, na kati yangu na lile sanduku hapakuwa na daraja.

Ngome ya Majivu ni ya zamani sana katika mchezo ninaoucheza. Ilipotengenezwa, ilihitaji kikosi cha watu ishirini na tano, kila mmoja kwenye kompyuta yake, wakipigana pamoja jioni nzima. Miaka imepita, wachezaji wamepanda ngazi, silaha zimekuwa kali, na leo mtu mmoja anaingia peke yake na kuwafagia walinzi kama vumbi. Hakuna anayekwenda huko tena kutafuta nguvu. Tunakwenda kutafuta mavazi: vitu visivyokuongezea chochote isipokuwa sura.

Mimi nilikuwa na mavazi yote ya Majivu, koti, glavu, mkanda, buti na mabega ya chuma. Nilikosa kofia tu. Bila kofia nilionekana kama askari aliyesahau bereti nyumbani, na katika familia yetu hilo si jambo dogo. Baba alikuwa polisi. Mama alizaliwa kambini mwa askari, na hata leo, miaka mingi tangu tuhamie mtaa wa Namuwongo, Kiswahili chake bado kinatoka kama amri. Kaka yangu naye amevaa sare, yuko kituo cha kaskazini.

Ni kaka aliyenifundisha mchezo huu. Kabla hajaenda mafunzoni, yeye na wenzake walikuwa wanajazana Jumamosi kwenye kafe ya intaneti, ghorofani karibu na maduka ya jumla ya Kikuubo, na kumshambulia huyo mfalme wa Majivu. Hawakumfikisha hata nusu ya uhai wake. Aliwamaliza wote, wakarudi, akawamaliza tena, mpaka wakaoa na kupata kazi na kumsahau. Kaka hakumsahau. Nilipomwambia naitaka ile kofia, alinitumia ujumbe wa sauti: "Banange, jamani! Sisi kikosi kizima tulishindwa, wewe nyabo, bibie, utaweza peke yako?"

Basi watengenezaji wa mchezo wakatangaza kwamba ngome itabomolewa ijengwe upya, na mavazi yake hayatapatikana tena. Mlango wake hufunguka mara moja kwa wiki, kila Jumatano asubuhi. Ukimuua mfalme, au akikuua yeye, umemaliza wiki yako. Zilikuwa zimebaki Jumatano tatu.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na nilikuwa nasubiri kazi. Barua za maombi niliziandika, nikazisoma, nikabadilisha sentensi ya kwanza, nikairudisha ilivyokuwa, mpaka siku ya mwisho ya kupokea maombi ikapita. Nilitaka kitu kimoja tu nikianze na nikimalize.

Jumatano ya kwanza ndiyo hiyo niliyomkatiza mfalme maneno. Nilisoma baadaye kosa langu lilikuwa wapi. Daraja hushuka pale tu mfalme anapofika nusu ya uhai wake. Hapo hupaa juu ya paa, hupiga ukuta kwa hasira, na daraja huteremka; pigo likiiruka nusu, hapai tena. Kikosi cha kaka kilikuwa dhaifu mno, hakikumfikisha nusu. Mimi nilikuwa na nguvu mno, niliipita nusu kwa pigo moja bila kuiona.

Jumatano ya pili niliacha upanga nje. Niliingia na mikono mitupu, nikasimama mbele yake kwa adabu, nikajiandaa kumpiga kofi dogo. Yeye akatangulia kunipiga. Lakini nilikuwa nimevaa koti la Majivu, na koti la Majivu humchoma yeyote anayemgusa aliyelivaa. Mfalme aliungua kwa kofi lake mwenyewe. Akafa, na mimi sikuwa nimeinua hata kidole.

Kaka alicheka mpaka nikasikia wenzake wakimuuliza kuna nini. "Afande," nikamwambia, "cheka taratibu, usije ukaangusha bunduki."

Wiki ile yote niliwaza. Nilipokuwa Kikuubo nikimsaidia shangazi kupanga katoni za sabuni, niliwaza ni kitu gani kingine mwilini mwangu kinaweza kumuua mtu bila ridhaa yangu. Pete ilirudisha nusu ya pigo. Buti zilitoa cheche. Paka wangu mdogo, ambaye nilimfuga kwa ajili ya urembo tu, alikuwa anauma. Kwa hiyo nitavua vyote. Silaha itakuwa fimbo ya kuvulia samaki, kitu dhaifu kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Lakini nikivua vyote, mfalme naye ataweza kuniua. Hapo nilirudia hesabu yote tangu mwanzo, na shangazi akaniuliza kwa nini nimeziweka sabuni kwenye rafu ya biskuti.

Jumatano ya mwisho nilianza asubuhi, mlango ulipofunguka tu. Mama alikuwa amekaa kizingitini akibangua karanga. Kaka alikuwa kwenye simu, sauti yake imewekwa juu, simu imeegemea kikombe cha chai.

"Unapigana na nani leo?" Mama akauliza.

"Na mfalme, Mama."

"Amekukosea nini?"

"Amekataa na kofia yangu."

"Basi mpige upesi, kuna maharage ya kuchambua."

Ngome yenyewe niliipita bila kupoteza hatua. Ukumbi wa kushoto hauna kitu cha maana, niliuruka. Kwenye ngazi sikuteremka, nilijitupa moja kwa moja hadi bwawani, kwa sababu maji hayakuumizi. Walinzi wa lango la ndani niliwajaribia ile fimbo ya samaki, nipime. Wa kwanza aliumia kuliko nilivyotarajia, si sana, kidogo tu. Wawili waliobaki niliwamaliza kwa upanga na kuendelea, lakini kile kidogo hakikunitoka kichwani.

Mlangoni kwa mfalme nilivua kila kitu, nikakitia mkobani pamoja na upanga. Mhusika wangu akabaki na nguo za ndani na fimbo ya samaki. Nilimrudisha paka nyumbani. Nikakagua. Nikakagua tena.

"Utakagua mpaka mfalme azeeke," kaka akasema. "Ingia!"

"Mlinzi aliumia kupita kiasi, kaka."

"Wewe na mawazo yako! Ingia, wewe."

Sikuingia. Nilipekua orodha ya alama ndogo juu ya kioo, zile ambazo hakuna anayezitazama, na hapo nikaiona: bakuli la supu. Asubuhi ile, kwa mazoea, kabla ya kuingia ngomeni nilimnywesha mhusika wangu supu ya pilipili, ile inayoongeza nguvu za mkono. Kwa fimbo ya samaki na supu ya pilipili, pigo lingeiruka nusu na daraja lisingeshuka.

Nilimwambia kaka. "Supu," akasema. "Kumbe hata supu." Tukasubiri iishe nguvu. Mama alijaza bakuli la karanga na kuanza lingine, na chai yangu ikapoa.

Alama ilipofutika, niliingia.

Mfalme aliinuka, akaninyooshea kidole, na kwa mara ya kwanza akamaliza kusema. Ilikuwa hotuba ndefu kuhusu majivu na kiti cha babu yake. Kwenye simu nilimsikia kaka akiifuatisha neno kwa neno, pamoja na ile sauti nzito. Alikuwa ameisikia Jumamosi nyingi sana.

Nilimpiga mara moja. Uhai wake ukapungua kama maji yanayodondoka kwenye jerikani iliyotoboka. Akanipiga, wangu ukashuka kwa kishindo. Nikanywa dawa, nikasubiri, nikampiga tena. Safari hii hakuna aliyeniambia niharakishe. Kusubiri ndiyo kazi ninayoiweza. Alipokaribia nusu, treni ya mizigo ikapita nyuma ya nyumba, na meza yangu, chuma kitupu kutoka kwa mafundi wa Katwe chenye mguu mmoja mfupi, ikaanza kutetemeka. Niliondoa mkono kwenye kipanya. Mibofyo miwili ya bahati mbaya kwa mkupuo ingeiruka nusu na kumaliza kila kitu. Treni ikapita behewa kwa behewa, mfalme akinipiga, uhai wangu ukishuka na kuwa mstari mwembamba mwekundu.

"Uko wapi?" kaka akauliza. "Unafanya nini?"

"Nasubiri treni."

Meza ikatulia. Nikashika kipanya, nikampiga pigo moja la samaki.

Mfalme alipaa. Akapiga ukuta. Kukatokea mlio mzito wa minyororo ambao sikuwahi kuusikia.

"Hiyo ni nini?" kaka akauliza, na sauti yake haikuwa ya utani tena.

"Ni daraja, kaka. Linashuka."

Akapiga kelele. Kituo kizima nadhani kilisikia. Nilitoa upanga wangu mkobani, na mfalme alipotua kutoka juu nikammaliza kwa pigo la kawaida, bila huruma. Nikavuka daraja nikitembea, si kukimbia, nikafungua sanduku.

Kofia ilikuwa nyeusi, ina pembe mbili, na katikati ya paji kuna kaa la moto linalowaka na kufifia kama linapumua. Niliivaa pamoja na vyote vilivyobaki. Nikaenda moja kwa moja kwenye uwanja wa mji mkuu wa mchezo, palipo na wachezaji wengi, nikasimama katikati bila kufanya lolote. Watu wakaanza kusimama. Mmoja akapiga saluti. Nikapiga picha ya kioo, nikamtumia kaka, na kwa nyuma nikasikia askari mwenzake akiuliza, "Huyo dada yako ana cheo gani?"

"Cheo kikubwa," kaka akajibu. "Mimi mwenyewe namsalimu."

Mama akaja na bakuli la karanga, akainama mbele ya kioo.

"Ndiyo hiyo kofia?"

"Ndiyo, Mama."

"Inakusaidia nini?"

"Haisaidii kitu."

Aliitazama muda mrefu, kwa jicho la mtu aliyekagua sare maisha yake yote. Akagusa kioo mahali penye bega langu, kama anayepangusa vumbi.

"Imekaa vizuri," akasema. "Haya, maharage."