Vioo Vilivyoshuka Mbele ya Nyanya

Vioo vyote vinne vya gari vilishuka kana kwamba vyenyewe, na nyanya akatazamana na mume wa shangazi, ingawa kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani uso.

Harufu ya mahindi yaliyoanikwa hunirudisha pale. Nyanya alikuwa akiyageuza uani. Mkwe alijifungia garini akisubiri nyanya aondoke, nami nilikuwa kwenye kiti cha nyuma. Vioo vilishuka polepole, vikivuma kama nyuki, na vumbi la mahindi likaingia likimetameta.

Nyanya alijifunika leso usoni. “Mwambie afunge,” akaniambia.

“Mwambie mama sijagusa kitu,” mkwe akasema.

Baadaye nyanya aliniita jikoni. “Wewe ulikuwa ndani. Alifungua makusudi? Kama ni hivyo, asikanyage hapa tena.”

Mkono wa kushoto wa mkwe niliuona gotini. Wa kulia, wa upande wa vitufe vya vioo, sikuuona.