Babu wa Kwenye Mchezo na Mikarafuu ya Mama

Mchezo wenyewe niliupakua kwenye laptop ili kupoteza muda tu, wiki ambayo wanafunzi wangu wa chuo cha Mzumbe walikuwa likizo nami nikabaki kusahihisha mitihani. Hadithi ni ya binti anayerudi kwa babu yake. Kila anaposemeshwa, unamchagulia jibu kati ya matatu, au anyamaze. Ukishachagua, pembeni yanatokea maandishi: atalikumbuka hili. Hapo ndipo nilipokamatika. Atalikumbuka vipi? Hadi lini?

Sura ya pili, babu anamgombeza binti mbele ya majirani. Sikufikiri hata kidogo, nikabonyeza kunyamaza. Nimelelewa hivyo: mtu mzima akikusema, unainamisha kichwa. Sura ya tano babu akamfungia mlango. Nilikasirika kana kwamba nimefungiwa mimi.

Nikarudia. Safari hii nikamjibu babu palepale, tena kwa ukali ambao mimi mwenyewe nisingethubutu. Mlango ukafungwa mapema zaidi! Nikacheka peke yangu, nikachukua daftari, nikaanza kuandika: hapa kanyamaza, hapa kajibu, hapa babu kaguna. Mara ya tatu nikanyamaza kama mwanzo, ila nikaona kitu nilichokuwa nakipita mbio. Asubuhi yake babu yuko barazani, kakaa tu, hana kazi yoyote. Nikampeleka binti akaketi naye. Mlango haukufungwa tena.

Nilizima laptop nikiwa na hofu, sifichi. Mwaka jana, kwenye arobaini ya mama, mjomba wangu wa kijijini Kinole, kule milimani, kaka yake mama, alinisema mbele ya ukoo mzima: "Wewe umeshakuwa mtu wa mjini, huku hutaki tena." Niliinamisha kichwa. Jioni ileile nikateremka Morogoro, na sikupanda tena. Kwetu Waluguru shamba hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mgawaji. Mama aliacha mikarafuu aliyoipanda kwa mikono yake, na mimi niliisubiri bila kuiomba.

Jumamosi nikapanda Kinole. Nilimkuta mjomba kakaa mkekani, anachambua karafuu kutoka kwenye vikonyo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea."

Nikaketi, nikashika kikonyo nami nikachambua. "Mjomba, siku ile uliniumiza. Nilinyamaza kwa heshima."

"Kunyamaza ulifanya vyema. Ningekushangaa ungenijibu mbele za watu." Akapuliza makapi. "Lakini kesho yake nilikaa hapahapa mpaka jua likawa kali. Hukuja. Nikasema basi, kweli hataki. Mikarafuu ya mama yako nikampa binti wa mama yako mdogo. Hizi ni zake, namsaidia tu."

Nikaziangalia karafuu mkononi mwangu. Halafu, aibu kusema, nikamtazama mjomba pembeni ya kichwa chake, kama vile maandishi yangetokea nijue nimefika wapi. Palikuwa na ukuta tu, na hakuna pa kubonyeza kurudia.

"Niliitaka, mjomba."

Mikono yake ikasimama.

"Ungesema," akasema. Kisha akarudia kwa sauti ndogo, "Si ungekuja tu, mwanangu, ukasema."