Nyumba ya Boksi Isiyomtisha Mtu

Tangu nilipopangiwa kufundisha Tukuyu, mapumziko yangu yote yameliwa na kazi ambayo walimu wenzangu wanaiita utoto: natengeneza vijumba vya kutisha. Navikata kwenye maboksi ya viatu, navipaka rangi, kisha navichakaza hadi vifanane na mahame. Jumamosi mchana mimi na rafiki yangu, muuguzi wa zahanati huko Kawetele, tunavipanga mezani, tunapitisha vijisanamu vya askari katikati yake na kurusha dadu kuona nani atatoka salama katika kijiji cha mizimu.

Ila muuguzi hakuwahi kutishika. Kila nyumba mpya aliicheka. "Mwalimu, hii si stoo ya mahindi?" Iliniuma, sitasema uongo.

Safari hii niliapa atanyamaza. Nilichora nyufa kila ukuta, nikapaka vumbi jekundu kwa brashi kavu, nikaianika nje kijua kilipochomoza. Mwenye nyumba wangu, bibi aliyezaliwa hapa hapa, alikuja kuanua nguo akainama kuitazama.

"Mwalimu, hii nyumba ya wapi?"

"Ya hapa, bibi. Wenyewe wamehama."

"Aa, hii ya kwenu Dodoma. Hapa vumbi litoke wapi na mvua hii? Huku nyumba ikiachwa inaota kijani." Alikunja shuka, akaongeza, "Na hiyo kijani haitishi. Ukifika kwa mtu ukakuta ndizi zimeivia mgombani, hakuna aliyezikata zingali mbichi, hapo mimi sipigi hodi."

Nilijicheka. Miaka yote hii nalowa Tukuyu, mkono bado unapaka kiangazi cha nyumbani! Nikafuta vumbi lote. Nikasugua kijani ukutani, nikabandika makapi ya chai juu ya paa, na kando ya mlango nikasimamisha mgomba wa waya na karatasi. Mkungu wake niliupaka njano kwa ncha ya kijiti, nikibana pumzi.

Jumamosi muuguzi alisogeza askari wake hadi mlangoni, kicheko kikiwa tayari mdomoni. Akauona mkungu. Amekulia Mpuguso, huku huku kwenye migomba, hakuhitaji kuelezwa. Alimrudisha askari nyuma hatua mbili, jambo ambalo kanuni zetu haziruhusu.

"Wenye nyumba hii wako wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Nilifurahi hata nikasahau kurusha dadu.