Fundi Tuliyempumzisha kwa Nguvu

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu na binti wa mzee mmoja ambaye wasomaji wangu wa siku nyingi watamkumbuka, ingawa sikumtaja jina wakati ule na leo pia simtaji. "Baba ametuacha," akasema, na mimi, mtu ninayelipwa kwa kupanga maneno gazetini, nikamwuliza tu mazishi ni lini. Mzee alikuwa na miaka sabini na tisa. Presha yake ilikuwa sawa, sukari sawa, moyo ulipimwa juzijuzi ukaonekana mzima. Alijilaza mchana baada ya chai, hakuamka. Watu wanasema amekufa vizuri. Mimi sisemi hivyo, na nitaeleza kwa nini, maana jambo hili limenikaa vibaya rohoni.

Nilimjulia Soweto East, kule Kibera, nilipokuwa nimepanga chumba kimoja na jiko langu la makaa likatoboka. Alikuwa Mkamba wa Kitui, alikuja Nairobi akiwa kijana, akafua mabati maisha yake yote. Macho yalipopungua nguvu aliacha kuunda majiko mapya, lakini ya zamani hakuacha kuyatengeneza. Kila Jumamosi alipita mlango kwa mlango na nyundo yake na vipande vya bati, akiziba matundu kwa wajane na wazee wenzake bila kuchukua kitu. Na alikuwa na tabia moja iliyoniudhi kweli: hakuwahi kumaliza kazi kwa siku moja. Chini ataziba, mlango wa majivu atauacha umelegea. "Hiyo nitakuja kuangalia Jumamosi ingine," anakwambia. Siku moja uvumilivu ukaniisha. "Mzee, si umalize tu?" Akanitazama kwa huruma. "Nikimaliza yote, nitarudi kufanya nini? Huyo mama wa pale anaishi peke yake. Nani atajua kama ameamka?" Na ni kweli, Jumamosi moja alimkuta mama huyo ameanguka sakafuni, akaita vijana wakambeba hadi kliniki, akapona.

Binti yake ni nesi, mtoto wake wa pekee. Alipopata nyumba ya gorofani Riruta Satellite alimchukua babake, na nawaomba msije mkamsema vibaya, kwani alifanya kwa mapenzi matupu. Uji wa wimbi kila asubuhi, dawa kwa wakati, televisheni kubwa, kochi lake mwenyewe. Nilienda kuwasalimia Jumapili moja nikamkuta mzee amepiga magoti jikoni, anakaza bawaba ya kabati kwa kisu cha mezani. Binti akamshika mkono taratibu. "Baba, wacha hiyo. Nitaita fundi." Mzee akainuka, akarudi kukaa, akaweka mikono yake juu ya magoti. Mimi nilicheka. Haki ya Mungu, nilicheka, nikaongezewa chai.

Wiki chache baadaye akapotea. Wakamtafuta nusu siku nzima, majirani na askari wa geti, hadi walipompata Kawangware, kando ya soko, amekalia debe na jiko la mama mchoma mahindi liko katikati ya miguu yake. Binti alikuwa analia. "Sikupotea," mzee akasema. "Nilikuwa kazini." Mama wa mahindi naye akadakia, "Mumwache bwana, amesema kesho anarudi kumalizia mlango!" Binti alinisimulia yote hayo kwa simu, na mimi nikaona hapo kuna safu yangu ya gazeti ya wiki hiyo. Nikaiandika tamu. Nikamsifu yeye kwa ujasiri wa kumwambia mzazi kwamba sasa imetosha, nikawashauri na ninyi mfanye hivyo hivyo. Mlinipongeza wengi. Nikavimba kichwa. Kule Satellite askari akaagizwa asimfungulie mzee geti akiwa peke yake, na mzee hakubishana. Aliacha tu kuongea habari za majiko. Kisha akaanza kubakisha chakula. Mara ya mwisho nilipomwona aliniuliza leo ni siku gani, na nilipomjibu akaniuliza tena.

Juzi matangani, akina mama wa Soweto East wakiwa wamejaa sebuleni, binti alinivuta kando kwenye ngazi. "Nikuambie kitu? Baada ya ile siku ya Kawangware nilikuwa nimeamua arudi Soweto kila Jumamosi. Hata nilikuwa nimempata mtu wa kumpeleka na kumrudisha. Halafu nikasoma gazeti yako. Nikasema, kumbe niko sawa." Hakusema kwa hasira. Nilitamani anitukane.

Tangu siku hiyo sina amani. Mjini hapa tumeshaamua kwamba uzee ni ugonjwa na dawa yake ni kiti. Tena hatuwapi wote dawa hiyo. Mwenye ploti wa umri ule ule, hapo Kawangware, bado anaamua ukuta upite wapi na mpangaji gani ahame, na hakuna anayethubutu kumwambia akapumzike. Ni fundi, mama mboga na mfua nguo ambao tunaona aibu kuwakuta na kazi mkononi, maana majirani watasema hatuwatunzi. Basi tunawavua kazi, na pamoja na kazi tunawavua watu waliokuwa wakiwatazamia. Mzee yule alipimwa kila kitu kinachopimika. Hakuna aliyepima kama bado kulikuwa na mlango mmoja duniani ambapo asipofika, mtu angeuliza yuko wapi.

Kwa hiyo sifa nilizoandika nazifuta, na ushauri niliowapa msiufuate. Binti yule alimwamini mtu mwenye kalamu, na mwenye kalamu hakufanya kazi yake. Nilikaa na mzee sebuleni mara ngapi sijui, nikanywa chai, nikaandika habari zake mbele ya nchi nzima, na hata siku moja sikumwuliza yeye anataka nini. Kama una mzazi uliyempumzisha nyumbani, weka gazeti hili chini umwulize. Akianza kujibu, usimkatize.